Nina mada 22 na wiki 14: muhtasari wa kozi niupangeje?

Mwalimu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mhadhiri wa muda hapa Lamu, kwenye tawi la chuo kikuu kimoja. Nafundisha kozi ya mwaka wa kwanza, Historia ya Pwani ya Afrika Mashariki. Nina wanafunzi 48, na wengi si wa hapa mjini: wako wa Faza, Kizingitini na Siyu, na wengine huvuka kutoka Mokowe. Tunakutana Jumanne, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Muhula ujao unaanza Jumatatu tarehe 31 Agosti 2026, wiki 14 za masomo na 2 za mtihani.

Muhula uliopita nilitumia muhtasari niliourithi kwa aliyenitangulia. Ni ukurasa mmoja tu: mada 22 kwa namba, chini yake "majaribio 30, mtihani 70", kisha vitabu 11. Kufika wiki ya tisa nilikuwa bado mada ya nane. Zilizobaki nikazikimbiza, na mtihani ukauliza mambo niliyoyapitia kwa dakika kumi. Alama nazo zilizua ugomvi. Niliwaambia kwa mdomo kwamba ripoti ya kikundi ina alama 10, halafu nikaipunguza hadi 5 ili nipate nafasi ya jaribio la tatu. Wanafunzi walikuwa na haki ya kukasirika.

Sasa nimeandika muhtasari mpya. Mwenyekiti wa idara ameurudisha na maneno mawili pembeni: "Malengo hayapimiki." Lengo langu la kwanza lilikuwa "Mwanafunzi aelewe ustaarabu wa Waswahili na athari zake." Nimepewa wiki mbili kuurekebisha. Nianzie wapi, na hizi mada 22 nizifanyeje? Nataka pia kuwapeleka Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, nimepanga Jumanne ya tarehe 27 Oktoba ndani ya kipindi chetu.

Mwalimu wa Langoni, Lamu

*

Marahaba, mwanangu.

Ulichoandika kuhusu haki ya wanafunzi kukasirika kinaonyesha kwamba umeshalijua jambo lenyewe. Muhtasari wa kozi, au silabasi kama wengi tuiitavyo, ni ahadi. Mwanafunzi wa Kizingitini anapanga nauli yake ya chombo kwa kuitazama karatasi hiyo. Basi kila mstari uutiao humo uwe ni mstari unaoweza kuutimiza, na njia ya kujua kama utautimiza ni kuhesabu saa kabla ya kuandika mada.

Lakini hata kabla ya kuhesabu, kuna karatasi moja ya kuitafuta. Muhtasari uliourithi si sheria. Sheria ni mtaala ulioidhinishwa wa programu yenu, uliopitishwa na seneti ya chuo, na ambao programu nzima inasimama juu yake mbele ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Ndani ya mtaala huo kozi yako ina ukurasa wake: msimbo, jina, idara, saa, kozi ya kutangulia kama ipo, maelezo mafupi, matokeo yanayotarajiwa, na mgawanyo wa alama kati ya kazi za muhula na mtihani. Nenda idarani kesho uuombe ukurasa huo. Yaliyomo humo hayabadilishwi na mhadhiri. Yako wewe ni mpangilio wa wiki, mifano, usomaji, maswali, aina ya kazi na ziara.

Ukishaupata, ulaze kando ya ile orodha ya mada 22, uweke alama ya vema penye kila mada inayoonekana kwenye karatasi zote mbili. Mara nyingi utakuta mada kadhaa ni za mwenzako, alizojiongezea kwa kuzipenda, wala mtaala hauzijui. Hizo una ruhusa ya kuziacha. Zenye alama ya vema hazifutwi, kwa sababu mtahini wa nje atakuja na mtaala mkononi na kuuliza zimekwenda wapi. Hizo hukusanywa chini ya maswali machache makubwa, na tutafika hapo.

Sasa hesabu. Wiki 14 mara saa 3 ni saa 42, na hapo ndipo wengi wetu hujidanganya, tukagawanya mada kwa 42. Chukua kalenda ya 2026 utoe zisizo zako. Wiki ya kwanza, nusu ya darasa bado wamo kwenye foleni za usajili na wewe unasoma muhtasari nao: toa saa moja na nusu. Tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, mwaka huo ni Jumanne, nayo ni wiki yako ya nane: toa 3. Majaribio mawili ya saa moja moja: toa 2. Kurudisha majaribio hayo na kuyajadili, nusu saa kila moja: toa 1. Kipindi cha wanafunzi kuwasilisha ripoti: toa 3. Ziara: toa 3. Marudio ya wiki ya mwisho: toa 3. Jumla umetoa saa 16 na nusu. Zimebaki saa 25 na nusu za kufundisha jambo jipya.

Mada ya mwaka wa kwanza, ikifundishwa kwa mhadhara, mjadala na kazi ndogo ya darasani, hula kama saa 3. Gawanya: mada 8, na saa moja na nusu ya akiba. Mada 22 zilikuwa zikikupa saa moja na dakika kumi kila moja, mwanafunzi anafungua daftari na wewe umeshafika kwenye nyingine. Haikuwa kasi yako iliyokosea.

Hiyo akiba usiijaze. Iandike hivyo hivyo kwenye muhtasari, "akiba", maana kusi likivuma au umeme ukikatika ndiyo itakayokuokoa.

Kalenda ya serikali peke yake haitoshi kwa Lamu. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mwaka 2026 unaanza katikati ya Agosti na kuisha katikati ya Septemba, mwezi ukiandama unavyotarajiwa. Maulidi ya Lamu husomwa mwishoni mwa mwezi huo. Kwa hiyo wiki yako ya pili, yenye Jumanne ya tarehe 8 Septemba, mji utakuwa umejaa wageni na wanafunzi wako wengi watakuwa na shughuli. Fundisha, lakini usiweke jaribio wala tarehe ya kukusanya kazi. Na ukumbuke kwamba miezi ya Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida, hivyo muhtasari huu ukiutumia tena mwakani bila kuugusa, Maulidi, Ramadhani na Idi zitakuwa zimehama na tarehe zako zitabaki pale pale. Ijumaa, usimpe mtu miadi kati ya saa sita na saa nane mchana.

Turudi kwenye kukusanya mada. Usikusanye kwa kuunganisha majina, "Wareno I, II, III na IV" ikawa "Wareno". Hapo hujapunguza kitu, umebadilisha kichwa tu. Kusanya kwa swali. Bila shaka orodha yako ina kufika kwa Vasco da Gama Malindi mwaka 1498, kushambuliwa kwa Kilwa na Mombasa mwaka 1505, kujengwa kwa Fort Jesus kuanzia 1593, na kuangushwa kwake na Waomani mwaka 1698. Mada nne hizo huingia chini ya swali moja: katika miaka 200 hiyo, Wareno walibadilisha nini pwani, na nini kiliwashinda kubadilisha? Matukio yote manne yamo, lakini sasa kila moja lina kazi ya kufanya kwenye jibu. Mwanafunzi atajifunza kwa nini Malindi ilimpokea mgeni ambaye Mombasa haikumtaka, na atazikumbuka tarehe kwa sababu amezitumia.

Kwa kozi yako maswali manane yanaweza kuwa haya, ukiyalinganisha na mtaala wenu. Tunajuaje habari za miji hii: magofu, vigae, sarafu, maandishi, mapokeo? Miji ya mwanzo ilianzaje, tukiitazama Shanga iliyoko Pate na msikiti wake wa karne ya 8? Kaskazi na kusi vilipangaje biashara? Uislamu na nyumba za mawe vilijenga mji wa namna gani? Wareno, kama tulivyosema. Kisha Oman na Zanzibar, pamoja na vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19 na matokeo yake kwa Lamu, Pate na Mombasa. Utumwa na mashamba ya nafaka ya Malindi, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwisho ukoloni na urithi, tangu 1895 hadi Mji wa Kale wa Lamu kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Ile ya utumwa usiibanebane mwishoni ukaipitia kwa haraka. Ndiyo inayoogopwa, na wanafunzi wanastahili kuisoma kwa utulivu wakiwa na mwalimu wao.

Mwenyekiti wako ameona sawa kuhusu malengo. "Aelewe" halipimiki kwa sababu huwezi kuliona likitendeka. Mwanafunzi akikwambia ameelewa, utamwambia nini? Tafuta kitenzi ambacho ukikitoa kama swali la mtihani utapata kitu cha kusahihisha: aeleze, alinganishe, apange kwa wakati, achore, atoe hoja, akosoe. Lengo lako liandike upya hivi:

"Mwisho wa kozi mwanafunzi aweze kulinganisha ushahidi wa magofu na ushahidi wa maandishi kuhusu mji mmoja wa pwani, na kueleza pale ushahidi huo unapogongana."

Sasa tazama linavyozaa. Kitenzi "kulinganisha" kimekupa swali la mtihani. "Mji mmoja" umekupa sababu ya kwenda Takwa. "Unapogongana" umekupa namna ya kumtofautisha mwanafunzi wa alama 6 na wa alama 9, kwa sababu wa kwanza atataja ushahidi wa pande mbili na wa pili ataonyesha zinapokataana. Malengo manne au matano ya namna hii yanatosha kozi nzima. Yakizidi sita, hutakuwa na jaribio la kuyapima yote.

Zile ngazi sita za malengo ya kujifunza alizozipanga mwanaelimu Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956 (maarifa, ufahamu, matumizi, uchanganuzi, usanisi, tathmini) zitakusaidia kukagua tu. Kwa mwaka wa kwanza, malengo yote yakiwa kwenye ngazi ya kutaja na kueleza, kozi itakuwa ya kukariri. Yote yakiwa kwenye kutathmini, utakuwa umewadai wanafunzi kitu ambacho hujawapa. Mawili chini, mawili katikati, moja juu, hivyo ndivyo ningepanga.

Chora jedwali dogo kwa matumizi yako. Kushoto malengo, juu kazi zote zinazopewa alama. Tia vema pale kazi inapopima lengo. Safu isiyo na vema hata moja ni lengo unalolitangaza na hulipimi: lifute au lipe kazi. Kazi isiyo na vema hata moja unaitoza mwanafunzi bure. Jedwali hili litie nyuma ya muhtasari utakapourudisha kwa mwenyekiti, litamjibu kabla hajauliza.

Alama ndizo zilizokuletea ugomvi, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi. Mgawanyo wa 30 kwa 70 umeukuta, uache. Lakini ndani ya 30 kila alama iwe na jina, tarehe na kipimo. Jaribio la kwanza alama 10, Jumanne 29 Septemba, wiki ya tano, mada ya 1 hadi ya 3. Jaribio la pili alama 10, Jumanne 27 Oktoba, wiki ya tisa, mada ya 4 hadi ya 6. Ripoti ya ziara alama 10: 6 za kikundi na 4 za mtu binafsi. Jumla 30, hakuna jaribio la tatu.

Zile 4 za mtu binafsi ni dawa ya wanaobebwa na wenzao. Kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja, kwa mkono, akieleza kitu kimoja alichokipima au kukichunguza yeye mwenyewe na kinachoonyesha nini. Bila ukurasa huo kikundi cha watu sita huwa na waandishi wawili na majina sita.

Kabla hujaikubali kazi yoyote, pima muda wako wa kusahihisha. Karatasi 48 za jaribio, dakika 12 kila moja, ni saa 9 na dakika 36. Ndiyo maana jaribio la tarehe 29 Septemba usiahidi kulirudisha wiki inayofuata. Andika tarehe 13 Oktoba, na ulirudishe siku hiyo. La pili litarudi tarehe 17 Novemba, nitakwambia kwa nini. Ripoti ni za vikundi 8 vya watu sita sita, nusu saa kila moja, yaani saa 4. Kurasa za mtu binafsi, dakika 5 kila moja, saa 4 nyingine. Ungewapa insha ya kurasa tano kila mtu, kwa dakika 20 ungehitaji saa 16, na mhadhiri wa muda hazipati. Uwasilishaji nao pima: dakika 15 za kusema na 5 za maswali, mara vikundi 8, ni saa 2 na dakika 40. Inaingia kwenye kipindi chako cha 24 Novemba, kwa kubana.

Kipimo cha ripoti kiandike kwenye muhtasari wenyewe. Zile 6 za kikundi: 2 usahihi wa maelezo na vipimo, 2 kutumia angalau vyanzo viwili na kuvitaja, 2 hoja. Hutaweza kubadilisha katikati, na ndilo kusudi. Kwenye mtihani wa alama 70, kama idara yenu hufuata ule mpangilio wa swali la kwanza la lazima lenye alama 30 na mengine mawili ya kuchagua yenye 20 kila moja, useme hivyo wiki ya kwanza. Swali la lazima liguse mada kadhaa, la sivyo mwanafunzi atasoma mada mbili tu na kufaulu.

Alama zikishaingia kwenye daftari lako, zibandike baada ya kila kazi kwa namba ya usajili, bila jina. Alama zinazopotea huanza kupotea pale mwanafunzi anapoziona kwa mara ya kwanza muhula ukiwa umeshaisha.

Sasa Takwa. Tarehe 27 Oktoba si siku yake. Mwezi unakuwa mpevu tarehe 26, kwa hiyo ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita, yaani kuanzia mwishoni mwa kipindi chako. Kufika Takwa chombo hupita kwenye mkono wa maji wenye mikoko, na maji yakipwa mle hakuna mlango. Mtakaa matopeni mkitazama mizizi ya mikoko. Maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo siku ya ziara huchaguliwa kwa mwezi kwanza na kwa ratiba ya darasa baadaye. Jumamosi ya tarehe 7 Novemba, siku mbili kabla ya mwezi mpya, maji yatakuwa yakijaa mchana. Hiyo ndiyo ningeanza nayo. Thibitisha na jedwali la maji la bandari, kisha na nahodha, maana yeye ndiye anayejua chombo chake kikiwa kimepakia kinataka kina gani na mtoke saa ngapi msije mkafungiwa ndani.

Mkienda Jumamosi, wape Jumanne ya tarehe 10 Novemba waandike ripoti, kipindi kisiwepo. Ndiyo maana jaribio la pili linarudi tarehe 17. Ripoti zikusanywe Ijumaa tarehe 20 Novemba, kabla ya saa tano asubuhi. Kwenye muhtasari andika gharama ya chombo na kiingilio cha makumbusho kwa kila mwanafunzi, mara utakapoijua, na useme nani analipa. Kila mtu jaketi la kuokolea, asiyekuwa nalo haingii. Omba kibali cha chuo mapema, na taarifa ipelekwe Makumbusho ya Taifa, kwa sababu Takwa iko chini yao.

Usiwapeleke watazame tu. Kila kikundi kiwe na sehemu yake: viwili ukuta wa mji na milango yake, kimoja kisima, vitatu nyumba, na vikundi viwili msikiti wa Ijumaa ambao ukuta wake wa kibla umebeba nguzo juu. Wabebe futi ya kupimia ya mita 30, karatasi ya miraba na penseli. Kazi yao iwe swali moja: kwa ushahidi huu wa mawe, watu wa hapa walithamini nini? Na uandike mbadala pale pale, "Bahari ikichafuka: Ngome ya Lamu, kwa miguu, siku hiyo hiyo." Ngome hiyo ilikamilika mwaka 1821, haihitaji chombo, na kazi ile ile inafanyika.

Usomaji nitaupitia kwa haraka. Vitabu 11 vya nini, ikiwa maktaba ya tawi ina nakala moja moja? Usiandike kitabu ambacho hujakishika kwa mkono wako. Chagua vitatu au vinne, toa sura mahsusi, taja kurasa. Kurasa 25 kwa wiki ni nyingi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma historia kwa Kiingereza. 15 zinasomwa kweli. Weka nakala kwenye dawati la maktaba kwa kusomwa pale pale, kwa sababu si kila mtu ana bando la kufungua faili kubwa kwenye simu.

Kanuni nazo ziwe fupi na zitekelezeke. Ya mahudhurio inakili neno kwa neno kutoka kwenye kitabu cha kanuni za chuo, usiitunge. Kazi iliyochelewa, kama chuo kinakuachia uamue: alama 1 kati ya 10 kwa kila siku, hadi siku tatu, baada ya hapo haipokelewi bila barua. Kwa wanaotoka visiwani weka kipengele chao wazi, maana vyombo vya Faza hungoja maji kule Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na mwanafunzi hana amri juu ya hilo. Akituma ujumbe kabla ya kipindi kuanza, anafanya jaribio ndani ya siku saba, karatasi tofauti. Kwa hiyo tunga karatasi mbili tangu mwanzo.

Kuhusu akili unde (AI) sema kwa maneno mepesi inapokubalika na isipokubalika. Kwa mfano: kupata maana ya neno gumu inakubalika, kuandika ripoti haikubaliki, na anayeitumia ataje aliitumia wapi. Ukurasa ule wa mkono kuhusu kitu alichokipima mwenyewe Takwa utakulinda kuliko kanuni yoyote.

Huu ni mfano wa wiki moja ilivyoandikwa, uone ukubwa wake:

"Wiki ya 6, Jumanne 6 Oktoba. Swali: Wareno walibadilisha nini pwani kati ya 1498 na 1698, na nini kiliwashinda? Soma kabla: kitini cha 5, kurasa 14. Darasani: mhadhara saa 1, vikundi vinalinganisha Malindi na Mombasa, saa 1, mjadala na maswali, saa 1. Leta: aya ya maneno 150, mji mmoja ulivyowapokea Wareno na sababu yake (haina alama, itatumika darasani). Lengo la 2 na la 4."

Mistari mitano au sita kwa wiki, wiki 14, haizidi kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza uwe na jina la kozi na msimbo, jina lako, siku na mahali pa darasa, saa mbili kwa wiki za kuonana na wanafunzi, maelezo ya kozi yaliyonakiliwa kutoka mtaalani, na malengo. Wa mwisho uwe na alama na kanuni. Jumla kurasa tano.

Muhula ukiendelea utalazimika kugeuza kitu. Tarehe isogezwe mbele tu, isirudishwe nyuma. Alama zisiguswe. Mabadiliko yaandikwe kwenye karatasi yenye tarehe, yabandikwe ubaoni na kutumwa kwenye kundi la darasa, na nakala ipelekwe idarani.

Wiki mbili ulizopewa zigawe hivi: siku mbili za kutafuta ukurasa wa mtaala na kuweka alama za vema, siku moja ya kalenda na jedwali la maji, siku tatu za malengo, maswali manane na jedwali la kazi, siku mbili za alama na vipimo vyake, siku mbili za kukagua vitabu maktabani kwa mkono wako. Siku ya kumi na moja mpe mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili ausome, kisha umwulize maswali matatu bila yeye kuuangalia: jaribio la kwanza ni lini, ripoti ina alama ngapi na zimegawanywaje, chombo kikichelewa afanye nini. Asipojibu moja, andika upya mahali hapo. Utakapoukabidhi, mwombe katibu wa idara apige muhuri wa tarehe kwenye nakala yako pia.